Daktari Albert Cook na Madaftari Yake

Wengi wetu tukitoka zahanati huikunja karatasi ya daktari na kuitia mfukoni, na baada ya wiki mbili hatujui ilipo. Leo tumkumbuke mtu aliyezitunza karatasi za wagonjwa kama hati za shamba.

Albert Cook alizaliwa Uingereza mwaka 1870. Mwaka 1896 alishuka Mombasa na wamisionari wenzake wa C.M.S. Reli ya Uganda ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kujengwa, kwa hiyo walikwenda kwa miguu hadi Mengo, Kampala, wakafika Februari 1897. Mwaka huohuo alifungua hospitali. Mwaka 1900 alimwoa Katharine Timpson, muuguzi waliyesafiri naye. Radi iliiunguza hospitali mwaka 1902, wakajenga nyingine.

Cook alikuwa mpasuaji hodari, lakini wapasuaji hodari ni wengi. Yeye aliandika. Kila aliyelazwa aliandikiwa ugonjwa wake, matibabu yake, na kama alitoka mzima au alifariki. Karatasi hizo zilijalidiwa mwaka hata mwaka.

Faida yake ilionekana baadaye. Kulikuwa na watu waliosema kwamba saratani ni ugonjwa wa wazungu, na Mwafrika wa zamani hakuijua. Mwaka 1964 madaktari wa Kampala walitoa matokeo ya kuyapitia madaftari ya Mengo ya miaka 1897 hadi 1956. Saratani ilikuwamo tangu mwanzo. Hata uvimbe wa taya za watoto, ambao Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 ukaitwa kwa jina lake, Cook alikwisha kuuona kwa wagonjwa wake.

Mwaka 1901 Cook na ndugu yake Jack, naye daktari, ndio walioutambua ugonjwa wa malale Uganda, kabla haujaua watu zaidi ya laki mbili kandokando ya ziwa.

Tusimfanye malaika. Aliamini kwamba kaswende imeenea mno kwa Waganda, na serikali ikashtuka. Wataalamu wa baadaye wanaona kwamba wengi wa wagonjwa wale huenda walikuwa na buba, ambayo haiambukizwi kwa zinaa. Watu walibeba aibu isiyo yao.

Katharine alifariki mwaka 1938, naye Cook akafuata mwaka 1951, hukohuko Kampala. Madaftari yake yaliwekwa Makerere, katika maktaba ya udaktari yenye jina lake.