Heschel na Shukrani Isiyofumba Macho

Maneno amani, imani, amana na amini ni ndugu wa tumbo moja. Yote manne yaliingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na yote yana asili katika mzizi mmoja unaobeba dhana ya usalama na uthabiti. Mzizi huo huo, katika Kiebrania ambacho ni lugha ya ukoo mmoja na Kiarabu, ndio uliozaa neno amina ambalo waumini wa dini mbalimbali hulitamka mwishoni mwa dua. Anayefundisha isimu, kama nifanyavyo mimi, hujihadhari asije akaigeuza asili ya neno kuwa hoja. Kuzaliwa pamoja kwa maneno mawili si ithibati kwamba mambo yenyewe huandamana duniani. Ithibati ya aina hiyo hutafutwa katika maisha ya watu. Kwa hivyo leo ningependa kumsimulia msomaji maisha ya mtu mmoja ambaye imani ilimpa amani, na amani hiyo haikumfanya anyamaze.

Mtu huyo ni Rabi Abraham Joshua Heschel. Nimemchagua kwa sababu neno shukrani linatumiwa vibaya miongoni mwetu. Mwalimu akidai nyongeza ya mshahara, huambiwa ashukuru kwa kuwa ana kazi. Mwanafunzi akilalamika kwamba bweni linavuja, huambiwa ashukuru kwa kuwa wenzake hawakupata nafasi ya shule. Hivyo shukrani hugeuzwa kuwa kizibo cha mdomo. Maisha ya Heschel yanatuonyesha shukrani ya namna nyingine kabisa.

Alizaliwa mjini Warsaw tarehe 11 Januari 1907, wakati mji huo ulipokuwa chini ya milki ya Urusi. Alikuwa kitindamimba katika familia ya watoto sita, na ukoo wake kwa kuumeni na kwa kukeni ulikuwa wa marabi mashuhuri wa madhehebu ya Hasidi. Madhehebu hayo yaliasisiwa katika karne ya 18 na Baal Shem Tov, katika nchi ambayo leo ni Ukraine. Kiini cha mafundisho yake ni kwamba Mungu hayuko mbali na mambo ya kila siku: mtu aweza kumwabudu kwa furaha anapokula, anapofanya kazi na anapoimba, sawa na anapofungua kitabu kitakatifu.

Katika nyumba ya aina hiyo, mtoto hujifunza kubariki kabla hajajua kusoma. Afumbuapo macho asubuhi, hutoa shukrani kwa kurudishiwa roho yake. Kuna baraka ya mkate na baraka ya tunda, baraka ya kuuona upinde wa mvua, baraka ya kuiona bahari na baraka ya kuiona miti ya matunda ikichanua. Hata mtu atokapo msalani, ipo baraka ya kumshukuru Muumba kwa kuwa mwili wake unafanya kazi. Mapokeo yanamtaka Myahudi atamke baraka 100 kila siku. Neno la Kiebrania lenyewe, berakha, ni jamaa wa karibu wa neno letu baraka. Nalo jina Myahudi latokana na Yuda, mwana wa nne wa Lea, ambaye kwa mujibu wa kitabu cha Mwanzo aliitwa hivyo kwa kuwa mamake alitaka kumsifu na kumshukuru Mungu. Kwa hiyo mtoto Heschel alilelewa akijua kwamba kushukuru ni sehemu ya jina la kaumu yake.

Wala utoto wake haukuwa wa raha. Baba yake alifariki mwaka 1916, mtoto akiwa na miaka 9 tu. Alitarajiwa kurithi kiti cha urabi, lakini kiu ya elimu ilimpeleka kwanza Vilna, katika shule ya upili iliyofundisha kwa Kiyidi, na kisha Chuo Kikuu cha Berlin. Kiyidi ndicho kilichokuwa lugha ya nyumbani ya Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki. Ni lugha yenye asili ya Kijerumani na maneno mengi ya Kiebrania, na wasomi wengi waliidharau wakidai kwamba ni Kijerumani kilichoharibika. Wasomaji wanaozungumza lugha zinazobezwa wanaifahamu vyema dharau hiyo. Heschel hakuionea haya. Kitabu chake cha kwanza, diwani ya mashairi iliyotoka Warsaw mwaka 1933, kiliandikwa kwa lugha hiyo.

Tasnifu yake ya uzamifu ilihusu manabii wa Agano la Kale. Alishikilia kwamba nabii si mtabiri wa mambo yajayo tu. Ni mtu anayeguswa na uchungu wa Mungu mwenyewe anapoona maskini akidhulumiwa. Alifanya mtihani wake wa mwisho Februari 1933, majuma machache tu baada ya Hitler kushika madaraka. Kanuni ya chuo ilitaka tasnifu ichapishwe kabla ya shahada kutolewa, na katika Ujerumani ya wakati ule Myahudi angepata wapi mchapishaji? Hatimaye kazi hiyo ilichapishwa mwaka 1936 na akademia ya sayansi ya Poland, mjini Krakow.

Mwaka 1937 alihamia Frankfurt kuchukua nafasi ya mwanafalsafa Martin Buber katika taasisi ya elimu ya watu wazima ya Wayahudi. Hakukaa sana. Usiku mmoja mwishoni mwa Oktoba 1938, polisi walimkamata pamoja na maelfu ya Wayahudi wenye uraia wa Poland, wakawafukuza hadi mpakani. Alirudi Warsaw akafundisha kwa miezi michache. Mwaliko wa chuo kimoja cha marabi huko Cincinnati, Marekani, ndio uliomwokoa. Aliondoka Poland kwenda London majuma sita tu kabla ya majeshi ya Hitler kuivamia nchi hiyo Septemba 1939, na mwaka 1940 akavuka bahari hadi Marekani.

Aliowaacha nyuma hawakupona. Mama yake na dada zake watatu waliangamia mikononi mwa Wanazi. Mitaa aliyochezea, shule alizosoma, sinagogi alizosalia, na wazungumzaji wengi kabisa wa lugha aliyoandikia mashairi, vyote vilitoweka katika mauaji ya halaiki yaliyogharimu roho za Wayahudi wapatao milioni sita. Mwenye kudhani kwamba shukrani ni ada ya walioshiba na ajiulize: mtu huyu alibakiwa na nini cha kushukuru?

Januari 1945, vita vikiwa bado havijaisha, Heschel alitoa mhadhara kwa Kiyidi mjini New York, katika taasisi iitwayo YIVO inayohifadhi lugha na utamaduni wa Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki. Hakueleza jinsi walivyouawa. Alieleza jinsi walivyoishi: fundi viatu aliyehifadhi maandiko kwa moyo, mafukara walioacha usingizi ili wasome pamoja, nyumba zisizo na kitu ambazo jioni ya Sabato ziligeuka kuwa za kifalme. Inasimuliwa kwamba alipomaliza, wasikilizaji, ambao wengi wao hawakuwa watu wa dini, walisimama wakaitamka Kadishi. Hiyo ni sala ambayo waliofiwa huitamka kwa ajili ya maiti wao, nayo ina ajabu moja: haitaji kifo hata mara moja. Kutoka mwanzo hadi mwisho ni sifa kwa Mungu na ombi la amani. Naona hapo ndipo shukrani ya Heschel ilipojitenga na ile ya kujifariji. Hakujidanganya kwamba waliokufa hawakufa. Alikataa tu kuwapa wauaji haki ya kuwa na neno la mwisho kuhusu maisha ya watu wale.

Mwaka 1946 alihamia seminari ya Kiyahudi jijini New York, alikofundisha mpaka mwisho wa uhai wake. Mwaka huo huo alimwoa Sylvia Straus, mpiga piano, na nyumba yao ikajaa muziki na wageni. Kiingereza, ambacho alianza kukitumia kwa uandishi akiwa amevuka miaka 30, akakimudu hata wenyeji wakaistaajabia nathari yake. Mnamo 1951 alitoa kitabu kidogo kuhusu Sabato ambacho kingali kinasomwa kote duniani.

Wengi hudhani kwamba neno Sabato linatokana na saba. Sivyo. Katika Kiebrania mizizi ya maneno hayo ni miwili tofauti, na ule wa Sabato una maana ya kukoma, kuacha kazi. Siku ya Wayahudi huanza jua linapotua, kama ilivyo katika hesabu ya kale ya Waswahili wa pwani, ambao usiku wa Ijumaa kwao ni ule unaoutangulia mchana wa Ijumaa. Basi Ijumaa magharibi mishumaa huwashwa, mikate miwili huwekwa mezani, divai hubarikiwa, na kazi hukoma mpaka nyota zionekane jioni ya Jumamosi. Heschel alieleza kwamba binadamu wa leo ametumia akili yake yote kuiteka nafasi: kujenga, kununua, kurundika. Sabato humfunza kwamba wakati nao una utakatifu wake, na kwamba siku moja kati ya saba hatakiwi kuishindania dunia bali kuipokea. Chanzo cha hekima, kwake, ni kustaajabu. Aliyezoea kila kitu hadi haoni tena ajabu ya mkate, ya uso wa mtoto au ya mapambazuko, amepungukiwa hata kama ana shahada tatu.

Lakini wahenga wetu walinena kwamba ada ya mja hunena, muungwana ni vitendo. Januari 1963, katika mkutano wa viongozi wa dini kuhusu ubaguzi wa rangi uliofanyika Chicago, Heschel alikutana na Martin Luther King, nao wakawa marafiki. Tarehe 21 Machi 1965, mzee huyo mwenye ndevu nyeupe alionekana mstari wa mbele pamoja na King katika matembezi yaliyotoka Selma kuelekea Montgomery, kudai haki ya Wamarekani weusi kupiga kura. Majuma mawili kabla yake waandamanaji walikuwa wamepigwa kikatili na polisi katika mji huo huo. Baadaye Heschel alieleza kwamba kwake hatua zile zilikuwa sala. Agosti mwaka huo, sheria ya kulinda haki hiyo ilitiwa saini.

Aliipinga pia vita ya Vietnam, hata pale wenzake wengi walipomwonya kwamba si kazi ya rabi. Alikuwa amewaalika King na familia yake nyumbani kwake kwa karamu ya Pasaka ya Kiyahudi ya mwaka 1968, lakini tarehe 4 Aprili King aliuawa, siku chache kabla ya sikukuu hiyo. Heschel mwenyewe aliaga dunia usingizini tarehe 23 Desemba 1972, siku ya Sabato, akiwa na miaka 65.

Sasa nirejee kwa mwalimu na mwanafunzi niliowataja. Aliyemwambia mwalimu ashukuru na anyamaze hajaielewa shukrani. Ukiamini kwamba uhai ni zawadi, huwezi kutazama zawadi hiyo ikikanyagwa ukasema alhamdulilahi. Nabii aliyekemea kuuzwa kwa maskini kwa bei ya viatu na mtoto aliyebariki tunda kabla ya kulila walikutana katika nafsi ya mtu mmoja, wala hawakugombana. Mwalimu aweza kulipenda darasa lake na bado akadai mshahara wa haki. Mwanafunzi aweza kuishukuru shule yake na bado akasema kwamba paa linavuja.

Na lipo la pili, lililo mikononi mwetu wenyewe. Tumewajaza vijana masomo ya ziada jioni, wikendi na likizo, mpaka hawana tena saa ya kustaajabu. Wanaijua fomula ya usanisinuru ilhali hawajawahi kulitazama jani. Ningewasihi walimu wenzangu wawatoe wanafunzi nje japo dakika kumi kwa juma, wawaonyeshe jani hilo, kisha wanyamaze kidogo. Mtihani hautatahini jambo hilo, lakini kijana aliyejifunza kuistaajabia dunia hatakubali kwa urahisi kuona ikiharibiwa.