William Pitt Mdogo: Kiongozi Baina ya Picha na Katuni

Anayetaka kumjua William Pitt Mdogo, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza mara mbili, hana budi kumtazama kwa macho mawili. Katika jumba la National Portrait Gallery jijini London, anaonekana katika picha za rangi ya mafuta akiwa mtulivu, amenyooka wima, mwenye haiba. Katika mkusanyo wa katuni wa British Museum, mtu huyo huyo ni uyoga, ni jitu, ni mfalme aliyeshiba dhahabu na ni mlafi mezani. Makala haya yanadhamiria kusimulia maisha yake kwa kuzifuata picha hizo, na kuonyesha kwamba hakuna upande uliotosha kumweleza peke yake.

Pitt alizaliwa tarehe 28 Mei 1759 huko Hayes, katika jimbo la Kent. Babake, ambaye pia aliitwa William Pitt, alikuwa kiongozi mashuhuri wa serikali, na maji hufuata mkondo. Ingawa alikuwa dhaifu wa mwili tangu utotoni, alijiunga na Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1773 akiwa na umri wa miaka 14 tu. Aliingia Bungeni mwaka 1781, akawa Waziri wa Fedha mwaka 1782, na Desemba 1783 Mfalme George III akamteua kuwa Waziri Mkuu akiwa na miaka 24. Hadi leo hakuna aliyeushika wadhifa huo akiwa na umri mdogo kuliko wake.

Bungeni, mpinzani wake mkuu alikuwa Charles James Fox. Nje ya Bunge, aliyemwandama zaidi ni mchoraji James Gillray. Gillray alichora juu ya bamba la shaba, mistari ikachimbwa kwa tindikali, kisha nakala zikapigwa chapa na kupakwa rangi kwa mkono. Zilitundikwa dirishani mwa duka la Hannah Humphrey, hivyo hata asiyekuwa na pesa za kununua aliweza kusimama njiani akacheka. Fox alichorwa mnene, mwenye nyusi nzito. Pitt akachorwa mwembamba kama ufito, pua yake ikielekea juu kwa majivuno. Katika katuni ya mwaka 1791, Pitt ni uyoga uliomea juu ya jaa, na mizizi yake imeungana na taji la mfalme. Maana yake haikuhitaji mfasiri: waziri huyu ananyonya uwezo wake kutoka kwa mfalme.

Vita dhidi ya Ufaransa vilipozuka mwaka 1793, tashtiti ilikuwa jambo la hatari. Mchoraji Karl Anton Hickel alimchora Pitt akilihutubia Bunge la Makabwela wakati huo, nao wabunge wameketi wakimsikiliza kwa nidhamu. Picha hiyo ni ya fahari, lakini haisemi kwamba mwaka 1794 serikali yake ilisimamisha haki ya mtu kutozuiliwa bila kushtakiwa, wala kwamba mwaka 1795 zilipitishwa sheria za kubana mikutano ya hadhara. Gillray mwenyewe alikamatwa mwaka 1796 kwa sababu ya katuni moja, ingawa kesi hiyo haikuendelea.

Kilichofuata ndicho kinachostahili kuzingatiwa na kila mwanafunzi wa tashtiti. Kuanzia mwaka 1797, Gillray alianza kupokea malipo ya serikali ya takriban pauni 200 kwa mwaka. Kalamu ambayo gereza halikuinyamazisha ilielekezwa upya na mfuko wa fedha, na mishale yake mingi ikamlenga Fox na wenzake. Kwa hiyo, anayezitazama katuni hizi hana budi kujiuliza ni nani aliyecheka, na pia ni nani aliyelipia kicheko hicho.

Mapema mwaka huo wa 1797, kabla ya malipo hayo, Benki ya Uingereza ilikuwa imeacha kubadilisha noti zake kwa dhahabu. Gillray akamchora Pitt kama Mfalme Midas, tumbo limejaa sarafu za dhahabu huku akitapika noti za karatasi. Miaka miwili baadaye, Pitt alianza kutoza kodi ya mapato ili kugharamia vita.

Alijiuzulu mwaka 1801, baada ya mfalme kukataa kuwapa Wakatoliki haki kamili za kisiasa. Alirejea mwaka 1804, afya yake ikiwa imedhoofika. Katuni maarufu ya Februari 1805 inamwonyesha mezani pamoja na Napoleon wakiukata ulimwengu kama kitobosha kikubwa cha sikukuu: Napoleon anajimegea Ulaya, naye Pitt anajikatia bahari. John Hoppner alimchora katika kipindi hicho hicho, na mtu anayeonekana katika picha yake ana hadhi iliyoficha maradhi.

Pitt alifariki tarehe 23 Januari 1806 akiwa na umri wa miaka 46. Mchongaji Joseph Nollekens alichukua umbo la uso wake baada ya kifo, akalitumia kuchonga sanamu ambayo nakala zake zilinunuliwa na wengi. Bunge nalo lililazimika kulipa madeni yake ya pauni 40,000. Yule aliyechorwa akiwa ameshiba dhahabu ya taifa alikufa akiwa mdaiwa. Katuni ilisema kweli kuhusu sera zake, lakini haikuujua mfuko wake. Picha ya rangi iliitunza heshima yake, lakini iliwasahau waliozuiliwa kwa amri zake. Ndiyo maana ni heri makumbusho yamezihifadhi zote mbili.