Fumo Liyongo na Karamu za Hila

Fumo Liyongo si mgeni kwa watu wa pwani. Kaburi lake hutajwa kuwa Ozi, karibu na Kipini, chini ya Garsen, pale maji ya Mto Tana yakutanapo na bahari. Maisha yake twayajua kwa masimulizi ya wazee, na kwa utenzi alioutunga Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Tukiyazingatia, twaona kwamba mashujaa wengi huwindwa vitani, ama yeye aliwindwa penye chakula.

Liyongo alikuwa mshairi na hodari wa upinde. Yasimuliwa kwamba Waoromo walipotaka kumwona aliwaendea na mkoba begani, akatoa ndani yake kinu na mchi, mawe ya kusagia, vyungu na mafiga. Wakastaajabu, wakamwoza binti yao, akazaa mtoto wa kiume. Sultani wa Pate akauchelea ufalme wake.

Liyongo alipohamia bara, Sultani aliwaahidi Wasanye na Wadahalo reale 100 wakimletea kichwa chake. Wakajifanya marafiki, wakala naye kikoa, leo huyu kukirimu na kesho yule. Kisha wakapatana kula makoma, kila mtu kwa zamu yake apande mkoma awaangulie wenzake, na nia yao ni kumpiga mishale akiwa juu. Zamu yake ilipofika, Liyongo alichagua mkoma mrefu kuliko yote, akasimama chini, akayaangua makoma kwa mishale. Hila ikabatilika.

Ndipo Sultani alipomwita Pate kwenye gungu, akamkamata na kumtia gerezani. Mama yake akawa akimpelekea chakula kizuri kwa mkono wa mjakazi Saada, na walinzi wakawa wakikila wao. Basi Liyongo akamwagiza mama, kwa mafumbo ya shairi, aoke mkate wa wishwa na ndani yake atie tupa. Walinzi wakaudharau, wakamwachia. Alipoambiwa kuwa atauawa, aliomba apigiwe gungu. Na pembe na matoazi yalipokuwa yakilia, yeye alikuwa akikata minyororo. Akatoka.

Mwisho alikufa kwa mkono wa mwanawe, aliyeahidiwa cheo na binti Sultani. Mwana alimchoma sindano ya shaba kitovuni akiwa usingizini, wala hakupata alichoahidiwa.

Sisi leo twakopa ili sinia za walima zetu zisitiwe ila, na jirani twamwalika ili aone. Na tuutazame ule mkate wa wishwa. Karamu ya Sultani ilikuwa na fahari yote, nayo ilikuwa mtego. Mkate wa mama ulidharauliwa na kila aliyeuona, nao ndio uliomwokoa mtu. Thamani ya chakula i katika nia ya mwenye kukitoa.