Richard Böhm: alitangaza meduza wa Tanganyika, akafia Katanga

KASAJI – Reli inayopita Kasaji, katika eneo la Dilolo, inaenda mashariki hadi Tenke, kisha inapanda kaskazini kwa Kamina na Kabalo, na kuishia Kalemie, kando ya Ziwa Tanganyika. Katika maji ya ziwa hilo anaelea mnyama mdogo, mwangavu kama kioo, mwenye umbo la mwavuli na upana wa sentimeta 2 hivi. Ni meduza, watu wa pwani humwita yavuyavu. Karibu meduza wote wa dunia huishi baharini, lakini huyu anaishi kwenye maji yasiyo na chumvi.

Wavuvi waliishi naye tangu zamani. Aliyemtangaza kwa wanasayansi, mwaka 1883, ni Mjerumani Richard Böhm.

Böhm alizaliwa Berlin tarehe 1 Oktoba 1854, mtoto wa daktari. Mwaka 1878 alichapisha utafiti juu ya meduza wa bahari ya Helgoland, kwa hiyo jicho lake lilikuwa limezoea viumbe hao. Mwaka 1880 alitumwa Afrika pamoja na Emil Kaiser na Paul Reichard. Walitoka Zanzibar na wapagazi wakaelekea upande wa Tabora. Kaiser alifariki mwaka 1882. Wawili waliobaki wakafika ziwani.

Wakati huo kupiga picha chini ya maji hakukuwa jambo la kawaida. Mfaransa Louis Boutan alianza kazi hiyo mwaka 1893. Na meduza akitolewa majini hulegea kama ute, uzuri wake wote unapotea. Ilibidi kumtazama akiwa hai na kumchora. Böhm alijua kuchora.

Habari yake ilizua mabishano. Mwingereza J.E.S. Moore aliona kwamba ziwa liliwahi kuungana na bahari. Baadaye wanasayansi waliliacha wazo hilo.

Mwaka huohuo wa 1883 Böhm na Reichard walivuka ziwa hadi Mpala, wakaingia Katanga na kufika kwa mfalme Msiri. Halafu homa ikamshinda Böhm. Alifariki tarehe 27 Machi 1884, karibu na Ziwa Upemba, kwenye bonde la Lualaba, akiwa na miaka 29. Reichard alirudi pwani bila yeye. Mwezi wa Novemba mwaka huo, katika mji aliozaliwa Böhm, wakubwa wa Ulaya walikutana kuamua mambo ya Kongo, na hakuna Mkongomani aliyeitwa.

Barua zake zilichapishwa Ujerumani mwaka 1888. Jina lake limebaki kwa ndege mmoja aina ya keremkerem na kwa punda milia wa Afrika Mashariki. Meduza hakupewa jina la Böhm: yeye mwenyewe alimpa jina la ziwa, na hadi leo wanasayansi wanamwita kwa jina la Tanganyika.