Sherrington, mzee wa kuzuia

Mimi ni mtu wa mota na vyuma, si daktari. Charles Sherrington nilimjua baada ya mkono wa roboti ninaoutengeneza kukwama: mota mbili za kiwiko zilikuwa zinavutana. Mwenzangu anayesoma tiba akacheka, akanipa kitabu kinachomhusu.

Alizaliwa London mwaka 1857. Jina sinapsi, yaani pale neva inapokutana na neva, alilitoa mwaka 1897. Alionyesha kwamba msuli wa upande mmoja ukiamriwa kukaza, wa upande wa pili huzuiwa, ukalegea. Kumbe kuzuia nako ni kazi! Akaonyesha pia kuwa sumu ya pepopunda huharibu uzuiaji huo, misuli yote ikakaza kwa pamoja. Sisi tuliowahi kusikia kichanga kimekufa kwa pepopunda tunaelewa maana yake.

Mwaka 1915, wakati wa vita, alifanya kazi ya kibarua miezi mitatu katika kiwanda cha makombora Birmingham, achunguze uchovu wa wafanyakazi. Profesa wa Oxford, jamani!

Nobeli aliipata mwaka 1932, pamoja na Edgar Adrian. Akafariki mwaka 1952 bila kuviona vipokezi vyenyewe. Leo tunajua vipokezi vya glisini huteleza juu ya utando wa seli hadi vinaswe na protini iitwayo gefirini, iliyotanda chini ya sinapsi. Vikikosa kunaswa hapo, amri ya kuzuia hupungua nguvu.

Mkono wangu sasa unakunjika, ila bado unatetemeka.