Rais Aliyebaki na Jino Moja

Huenda umesikia eti George Washington alikuwa na meno ya mbao. Si kweli!

Bwana huyu alizaliwa Virginia mwaka wa 1732, akapigana na Waingereza, na mwaka wa 1789 akawa rais wa kwanza wa Marekani. Siku ya kuapishwa alikuwa amebakiwa na jino moja tu. La kwanza lilikuwa limeng'olewa akiwa na miaka 24.

Daktari wake, John Greenwood, alimtengenezea meno ya bandia kwa jino la kiboko (kumbe viboko wa Afrika walifika Ikulu ya watu!) na meno ya binadamu, yakashikanishwa kwa springi. Hizo springi zilisukuma taya, ikabidi afumbe mdomo kwa nguvu. Mwaka wa 1798 meno yaligeuka meusi kwa sababu ya divai. Greenwood akamshauri ayatoe baada ya kula ayatie majini, au ayasugue kwa brashi na chaki. Siku hizi madaktari huweka skrubu ya titani ndani ya taya, mfupa ukaishika, lakini kusafisha bado ni lazima.

Jambo lililonikera ni hili. Mwaka wa 1784 Washington alilipa shilingi 122 kwa meno 9 ya watu weusi, kwa hesabu ya daktari mwingine, Le Mayeur. Haya, mtumwa angekataaje?

Alifariki tarehe 14 Desemba 1799. Katika wosia wake aliagiza watumwa aliowamiliki waachiliwe huru, lakini baada ya mkewe kufa.