Urwa bin Zubayr: Aliyehesabu Kilichobaki



Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu, sisi tunaosoma masomo ya dini hukutana na jina la Urwa bin Zubayr tangu muhula wa kwanza, kwa kuwa limo katika isnadi za hadithi nyingi za Bibi Aisha (R.A). Mimi nililijua kama jina la mpokezi tu, mpaka niliposoma maisha yake. Tangu hapo, kila ninapofikiria maana ya kuridhika na qadar ya Allah, namkumbuka yeye.

Urwa alizaliwa Madina takriban mwaka 23 H. Baba yake ni Zubayr bin Awwam, mmoja wa wale kumi waliobashiriwa Pepo. Mama yake ni Asma binti Abubakar, kwa hiyo Bibi Aisha ni mama yake mdogo. Alimsikiliza na kumuuliza sana, hata akaweza kusema miaka michache kabla ya kifo chake kwamba hakuna hadithi aliyokuwa nayo mama huyo ambayo yeye alikuwa hajaihifadhi.

Misiba aliijua mapema. Mwaka 36 H, baba yake aliuawa yeye akiwa bado kijana mdogo. Mwaka 73 H kaka yake Abdullah aliuawa Makka na jeshi la Hajjaj, na mama yao akafariki muda mfupi baadaye. Ndugu zake walishika utawala na panga. Yeye alishika elimu. Akahesabiwa miongoni mwa wanazuoni saba wa fiqhi wa Madina, na Umar bin Abdulaziz alipokuwa gavana wa mji huo alimweka katika washauri wake kumi.

Inasimuliwa kuwa kila siku alisoma robo ya Qur'ani ndani ya msahafu, yaani juzuu saba na nusu, kisha usiku akasimama nayo katika swala. Tende zilipoiva alikuwa akibomoa sehemu ya ukuta wa shamba lake ili watu waingie, wale na wabebe.

Katika uzee wake alisafiri kwenda Damascus kwa Khalifa Walid bin Abdulmalik. Tukumbuke kuwa baba yake Walid ndiye aliyemtuma Hajjaj kupigana na Abdullah. Urwa alikwenda hivyo hivyo, bila kubeba kinyongo. Huko mguu wake ukapatwa na donda ndugu, likawa linapanda. Matabibu wakasema usipokatwa, maradhi yataenea mwilini. Akakubali ukatwe.

Walitaka kumpa kinywaji cha kumpoteza akili asisikie maumivu, akakataa, kwani hakutaka kupitisha hata saa moja bila kumjua Mola wake. Akakataa pia kushikwa na watu. Ziko riwaya zinazosema alikatwa akiwa ndani ya swala, na nyingine kwamba alikuwa akileta tahlili na takbira huku msumeno ukipita kwenye mfupa. Damu ilipozuiwa kwa mafuta ya moto, alizimia. Alipozinduka akauomba ule mguu, akaushika, akasema kuwa Allah anajua hakuwahi kuutembeza kwenda kwenye maasi. Kisha ukaoshwa, ukatiwa manukato, ukavishwa sanda na kuzikwa.

Katika safari hiyo hiyo mwanawe Muhammad aliingia kwenye zizi la wanyama, akapigwa mateke, akafa. Urwa alipopewa habari, alimshukuru Allah kwa hesabu ya wazi: alikuwa na watoto saba, amechukuliwa mmoja wamebaki sita, alikuwa na viungo vinne, kimechukuliwa kimoja vimebaki vitatu. Aliyechukua ndiye aliyetoa, na aliyempa mtihani alikuwa amempa afya miaka mingi.

Aliporudi Madina watu walikuja kumpa pole. Mmoja wao akamwambia kwamba wao hawakuwa wakimhitaji kwa mieleka wala kwa kushindana mbio. Elimu yake ndiyo waliyoihitaji, na hiyo Allah amewabakishia. Naye aliendelea kufundisha. Alifariki mwaka 94 H, na imepokewa kuwa alikuwa amefunga.

Sasa tujiulize, kisa hiki tunakitumiaje? Mwaka jana mwanafunzi mwenzetu alifiwa na baba yake wiki ya mitihani. Alipolia, baadhi yetu walimwambia apunguze machozi kwa sababu kulia ni udhaifu wa imani. Wengine huvitaja visa kama cha Urwa ili kumnyamazisha aliyeumia. Naona hilo ni kosa. Mtume wetu (S.A.W) alimlilia mwanawe Ibrahim, na hakuna aliyeridhika na Mola wake kuliko yeye. Urwa mwenyewe alizimia kwa maumivu. Kuridhika hakuondoi uchungu wa msumeno. Kunauzuia moyo usimgombeze Allah.

Wala kusalimu amri si kukaa na kungoja. Urwa aliwasikiliza matabibu na akakubali dawa chungu kuliko zote. Kwa hiyo mwenzetu aliyekosa ada, au aliyefeli somo, afuatilie ofisini, aombe msaada, arudie mtihani. Akishamaliza sababu zote, lile lililobaki amwachie Mwenyewe, alale.

Jambo ninalolishika zaidi ni kwamba utulivu ule haukuzaliwa Damascus. Ulijengwa kwa juzuu saba na nusu za kila siku, miaka na miaka, wakati mguu ungali mzima. Sisi tunautafuta siku ya msiba, na tunashangaa kuukosa. Tuanze na ukurasa mmoja kila siku baada ya Alfajiri, leo tukiwa na afya.

Na mwenzetu akifikwa na jambo, tufanye kama yule mtu wa Madina: tukae naye, kisha taratibu tumwonyeshe kilichobaki.

Allah atujaalie nyoyo zenye kuridhika na qadar yake, awarehemu waliotutangulia. Amin.

Wallahu a'alam.